Shajara ya mradi: kukadiria foleni ya Barabara ya Morogoro, Kibaha hadi Fire

Januari

Swali la mradi huu ni moja. Gari likitoka Maili Moja pale Kibaha sasa hivi, litafika Fire, mjini Dar es Salaam, baada ya muda gani? Hatuulizi wastani wa mwezi wala kawaida ya Jumatatu. Tunauliza sasa hivi. Mwenye haja kubwa zaidi na jibu hilo ni dereva wa gari la wagonjwa anayetoka Hospitali ya Tumbi na mgonjwa wa rufaa kwenda Muhimbili. Nyuma yake wapo wakazi wa Kiluvya na Kibamba wanaoamka saa kumi alfajiri kwa sababu tu hawajui barabara itakuwaje, na kuchelewa kazini hakuvumiliki.

Barabara yenyewe ni T1, hiyo hiyo inayokwenda mpaka Tunduma. Kwenye kipande chetu imebeba kila kitu: malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani yanayoingia na kutoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis tangu 2021, daladala, bajaji, bodaboda, na kuanzia Kimara kuelekea mjini, mabasi ya mwendokasi yaliyopewa njia yao katikati tangu 2016. Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane. Ukishaipita Kimara kwenda mjini, magari ya kawaida yanabanana kwenye njia chache, na penye kubanwa ndipo foleni huanzia.

Vihisio vilivyofukiwa chini ya lami hatuna. Tuna vyanzo vitatu. Kwanza, simu za madereva waliokubali kurekodi safari zao kwa GPS. Pili, watu wa kuhesabu magari kwa kalamu na karatasi, wamekaa mahali palipochaguliwa. Tatu, ujumbe wa kundi la WhatsApp la madereva: "Kwa Msuguri haitembei", "Magomeni pamefunga, piteni Kigogo".

Kila kimoja kina upofu wake. GPS inajua mwendo wa gari moja, lakini haijui limezungukwa na mangapi. Anayehesabu anajua idadi, ila idadi peke yake haina maana moja: magari mia nne kwa saa kwenye njia moja yanaweza kuwa barabara tupu ya usiku, yanaweza pia kuwa foleni inayotambaa ya saa 12 jioni. Jambo hili linajulikana tangu Bruce Greenshields alipochapisha vipimo vyake vya Ohio mwaka 1935. Magari yakiongezeka kwa kila kilomita, mtiririko, yaani idadi inayopita kwa saa, hupanda mpaka kilele, kisha ukaanza kushuka, kwa hiyo idadi ile ile hujitokeza pande zote mbili za kilima. Ujumbe wa WhatsApp nao unataja sababu, kitu ambacho vingine haviwezi, lakini mahali na saa vyake vinakwenda kwa kukisia. Mtu huandika "hapa" akiwa ameshasogea.

Kwa hiyo tusiwaze kuvichanganya kwa kuvigawa kwa tatu. Tuulize kila chanzo kinakosea namna gani, na kwa kiasi gani.

Februari

Kabla ya kugusa data ya Morogoro tumeamua kujaribu mbinu mahali ambapo majibu yanajulikana. Data inayofaa ipo wazi kwa umma: jaribio la Mobile Century, lililofanyika tarehe 8 Februari 2008 kwenye barabara kuu ya I-880 karibu na Union City, California. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilishirikiana na Nokia na idara ya usafiri ya jimbo, Caltrans. Magari 100, kila moja na simu ya Nokia N95, yaliendeshwa na wanafunzi kwa kupokezana, yakizunguka kipande cha takriban kilomita 16 kutwa nzima. Asubuhi hiyo ajali ilitokea na kuziba njia, na mwendo ukaonekana kuporomoka kwenye data za simu.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba barabara ile ina koili za waya chini ya lami zinazotoa taarifa kila sekunde 30, na juu ya madaraja ziliwekwa kamera za kusoma namba za magari ili kupata muda halisi wa safari. Yaani vyanzo viwili vya kuunganisha na cha tatu cha kukagulia. Walichohitimisha ndicho kinachotupa moyo: simu zikiwa asilimia 2 hadi 3 tu ya magari yanayopita, mwendo wa barabara unapimika vizuri. Si lazima kila dereva ashiriki.

Siku nyingi zimekwenda kwenye koili, ingawa kwetu hazipo, maana zinafundisha jinsi kosa linavyojificha. Koili moja haipimi mwendo. Inahesabu magari na inapima sehemu ya muda ambao imefunikwa. Mwendo hupatikana kwa kudhani urefu wa gari. Chukua magari 1,500 kwa saa, koili imefunikwa asilimia 15 ya muda. Ukidhani gari la wastani lina urefu wa mita 6, mwendo ni kilomita 60 kwa saa. Malori yakiwa mengi na wastani ukawa mita 9, vipimo vile vile vinakupa kilomita 90 kwa saa. Hakuna kilichobadilika barabarani isipokuwa urefu tulioudhani. Kwa barabara inayobeba semitrela za kwenda Lusaka na Lubumbashi, hilo si jambo dogo: mtu wetu wa kuhesabu lazima atenganishe malori na magari madogo tangu kwenye karatasi, wala tusimsubirishe mpaka baadaye.

Machi, mwanzoni

Leo mwenzangu ameleta hoja ya wastani, na nimeona niiandike kwa kirefu kwa kuwa itatuandama mradi mzima.

Magari mawili yamepita mbele ya mhesabuji. La kwanza kilomita 30 kwa saa, la pili 90. Wastani wa kawaida ni 60. Sasa waambie wote wawili wasafiri kilomita 10. La kwanza linatumia dakika 20, la pili dakika 6 na sekunde 40. Wastani wa muda ni dakika 13 na sekunde 20, ambao ni mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Tofauti kati ya 60 na 45 ni kubwa kwa mtu aliye kwenye gari la wagonjwa. John Wardrop aliieleza tofauti hiyo mwaka 1952: wastani wa magari yanayopita mahali pamoja sio wastani wa magari yaliyosambaa barabarani kwa wakati mmoja, na wa kwanza kamwe hauwi mdogo kuliko wa pili. Anayetaka muda wa safari anahitaji ule wa pili.

Kwa hiyo amri ndani ya programu ni moja: mwendo wowote uliopimwa mahali pamoja hugeuzwa kuwa muda kwanza, ndipo upigiwe wastani. Tumeiandika juu kabisa ya faili la msimbo, herufi kubwa.

Machi, mwishoni

Data za kwanza za simu za Morogoro zimeingia. Ramani ya msingi ni OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo kwa Dar es Salaam ina undani mwingi kutokana na kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015, wanafunzi wakitembea mtaa kwa mtaa. Vituo vya daladala vingi tumevikuta vimeshachorwa. Tunawashukuru kwa dhati.

Kisha matatizo ya hapa kwetu yakajitokeza, ambayo California hawakuwa nayo.

Bodaboda. Foleni ikisimama, boda hupenya katikati ya magari na simu yake inaripoti kilomita 25 kwa saa wakati aliye ndani ya Noah anazima injini. Ukimchanganya na wengine, barabara itaonekana inatembea. Hatujamtupa, tumembadilishia kazi. Magari hayawezi kwenda kasi kuliko boda katika foleni, basi mwendo wake tunauchukua kama dari: wa magari uko chini ya hapo. Na boda akipita kabisa, tunajua barabara haijafungwa.

Mabasi ya mikoani yana kosa la upande mwingine. Sheria inayazuia kuvuka kilomita 80 kwa saa, na maeneo ya makazi 50, kwa hiyo barabara ikiwa tupu yenyewe hayakuambii ni tupu kiasi gani. Yanapokuwa chini ya hapo ndipo yanasema kitu.

Daladala ndiyo iliyotutoa jasho. Inasimama Temboni, inasimama Suka, kondakta anaita, abiria wanashuka, na GPS inaandika sifuri. Kwa mashine sifuri ni foleni. Tungeweza kufuta kila kipimo kilicho ndani ya eneo la kituo, lakini foleni ya kweli nayo hupita juu ya vituo, na tungekuwa tunafuta kile kile tunachokitafuta. Tulichokifanya ni kuangalia jirani. Daladala imesimama Temboni, pikapu iliyokuwa nyuma yake imepita na kuendelea: hicho ni kituo. Daladala imesimama, na pikapu nayo imesimama: hiyo ni foleni. Pasipo na jirani, kipimo kinabaki lakini kinapewa uzito mdogo.

Mwendokasi. Simu ya kawaida, hata mbingu zikiwa wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Njia moja ya barabara ni kama mita 3 na nusu. Maana yake kati ya Kimara na Magomeni nukta ya abiria wa mwendokasi inaweza kuangukia kwenye njia ya magari ya kawaida, nayo inakimbia wakati magari yamekwama. Mahali peke yake hapatatui hili. Mpangilio wa kusimama unatatua: basi la mwendokasi linasimama kwenye vituo vyake vya katikati na halisimami kwenye vituo vya daladala. Safari yenye alama hizo tunaitenga yote, si nukta moja moja.

Kuhusu usiri tumeamua mapema. Mwanzo na mwisho wa kila safari unakatwa kwenye simu yenyewe kabla ya kutumwa, ili asijulikane mtu analala wapi. Mobile Century walitumia wazo zuri la mistari ya kufikirika iliyochorwa kukata barabara, simu ikituma mwendo inapouvuka mstari tu badala ya kutuma njia nzima. Tunaliiga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu aliyetukopesha safari zake tunapaswa kumlinda.

Aprili

Masika imekolea.

Mvua imenyesha usiku kucha, Mto Msimbazi umefurika, na Jangwani barabara imefungwa. Kila mwenyeji wa Dar analijua hili. Nimekaa mbele ya skrini nikiangalia makadirio ya kipande cha Magomeni hadi Fire, na yamekaa kijani, rangi ya barabara inayotembea.

Sababu inaeleweka. Barabara imefungwa, hakuna gari, hakuna simu, hakuna kipimo. Toleo la sasa la programu, linapokosa kipimo, linarudia kawaida ya saa hiyo kutoka siku zilizopita, na kawaida ya saa hiyo si mbaya. Kimya kimesomwa kama heri. Hapa ndipo ninapoona kiini cha kazi yetu yote: mfumo unaotoa jibu wakati hauna taarifa ni wa hatari kuliko mfumo unaosema haujui, maana dereva wa Tumbi angeuamini.

Tumebadilisha mambo mawili. La kwanza, kila kipande sasa kina matarajio ya ripoti kwa saa yake. Magomeni saa moja asubuhi huwa na simu zinazopita mfululizo. Zikikosekana ghafla, ukosefu wenyewe unaingizwa kama ushahidi kwamba kuna jambo, na unapimwa pamoja na vingine. Hapa WhatsApp inapata heshima yake. Ujumbe "Jangwani maji, wamefunga" haufai kupima mwendo, lakini ukikutana na kimya cha simu, viwili hivyo vinatosha kukifunga kipande kwenye ramani. La pili, kila kadirio linabeba upana wa shaka yake, na kadiri dakika zinavyopita bila kipimo shaka inapanuka. Ikivuka kiwango, rangi inakuwa kijivu. Si kijani, si nyekundu.

Mvua ya juzi tumeichezesha upya kwa kanuni mpya. Kijivu kilitokea mapema, kisha kufungwa. Nimefurahi sana.

Mei

Tumeingia kwenye moyo wa hesabu. Vipimo vyetu ni vichache na vimetawanyika. Kinachoviunganisha ni tabia ya foleni yenyewe.

James Lighthill na Gerald Whitham mwaka 1955, na Paul Richards mwaka 1956, waliandika magari kama kitu kinachotiririka, ambacho hakipotei njiani. Kinachoingia kwenye kipande kimoja ama kimetoka ama bado kimo. Kutokana na hilo tu unaweza kukokotoa mkia wa foleni unarudi nyuma kwa kasi gani. Tuseme nyuma ya foleni, kwenye kila njia, yanakuja magari 1,800 kwa saa kwa mwendo wa 80, yaani magari 22.5 kwa kilomita. Ndani ya foleni yanapita 900 kwa saa yakiwa 90 kwa kilomita. Gawanya tofauti ya mtiririko, 900, kwa tofauti ya msongamano, 67.5. Mkia unarudi nyuma kilomita 13.3 kwa saa. Aliye kilomita 4 nyuma, barabara mbele yake bado nyeupe, foleni itamfikia palepale alipo baada ya dakika 18 hata kama hajasogea hata hatua moja. Ni kama wimbi linalokuja pwani: maji yenyewe hayasafiri nalo.

Faida yake kwetu ni kubwa. Pikapu ikipunguza mwendo Kimara, tunajua kitu kuhusu Temboni dakika chache zijazo, ingawa Temboni hatuna simu. Na barabara ikiwa wazi, taarifa inasafiri upande wa pili, kwenda mbele pamoja na magari. Martin Treiber na Dirk Helbing mwaka 2002 walitumia tabia hiyo hiyo kujaza mapengo ya data: wastani mmoja wa vipimo vya jirani unaokwenda mbele kwa mwendo wa magari huru, mwingine unaorudi nyuma kwa kama kilomita 15 kwa saa, na mwendo ukishuka unaegemea ule wa pili. Tuliijaribu kwanza kwa kuwa ni nyepesi, na kwa kuchora picha ya siku iliyopita ni nzuri mno. Mistari ya foleni inaonekana ikilala kinyumenyume kama ilivyo kweli.

Kwa sasa hivi, hata hivyo, tunahitaji kichujio, yaani hesabu inayosahihisha kadirio kila kipimo kipya kinapoingia. Barabara imekatwa vipande vya mita 500, kwa mtindo wa Carlos Daganzo wa 1994, kila kipande kikipokea na kutoa magari. Hatua ya muda ni sekunde 15, kwa sababu gari la kilomita 100 kwa saa linavuka mita 500 kwa sekunde 18, na hatua isizidi hapo, vinginevyo gari litaruka kipande bila hesabu kujua. Juu yake tumeweka kichujio cha Kalman cha makundi: nakala nyingi za barabara ile ile zinaendeshwa sambamba, kila moja na dhana tofauti kidogo, na kila kipimo kinapoingia zinavutwa kukielekea kwa kadiri ya kuaminika kwake.

Mfano mdogo kabisa. Simu inasema kipande kina mwendo wa 20, na shaka yake ni 3. Makisio kutoka kwenye hesabu ya magari yanasema 40, shaka yake 9. Wastani wa kugawa kwa mbili ni 30, na hakuna anayeutaka. Uzito unakwenda kinyume na mraba wa shaka, tisa kwa moja, jibu ni 22. Hesabu ya magari haikupuuzwa, imesikilizwa kwa kadiri yake.

Kilichobaki kigumu ni askari wa trafiki. Magomeni, askari akiamua kusimamisha taa na kuongoza kwa mkono, upande mmoja unaweza kushikiliwa muda mrefu kuliko taa yoyote, kisha ukaachiliwa wote. Hakuna mlinganyo unaolijua hilo kabla. Tumeufanya uwezo wa makutano yale kuwa kitu kinachokadiriwa na kichujio badala ya namba tuliyoiweka sisi, na kinafuata, ila kwa kuchelewa dakika kadhaa.

Juni

Ukaguzi tunaufanya kwa kuficha. Tunachukua safari nzima ya gari moja, tunaiondoa kwenye data, tunaacha mfumo ukadirie muda wake, kisha tunalinganisha. Asubuhi kuelekea mjini makadirio yako karibu na ukweli, hasa Mbezi hadi Ubungo ambako simu ni nyingi. Jioni kutoka mjini hayajafika huko. Kati ya Kiluvya na Mbezi usiku kijivu kinatawala, na ni haki kitawale.

Data ambayo ingeubadilisha mradi huu ipo tayari: mabasi ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo chini ya usimamizi wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Yanapita kipande chetu chote, usiku na mchana, yakijulikana aina yake, bila matatizo ya boda wala ya kituo cha daladala. Barua ya kuomba mwendo uliokusanywa kwa vipande, bila namba za magari, tunaiandika wiki hii.

Wakati tukisubiri, tunaongeza wahesabuji wawili jioni, mmoja Kibamba na mmoja Kimara, wakitenganisha malori. Na kama unaendesha pikapu au Noah kati ya Kiluvya na Mbezi baada ya saa 12 jioni, simu yako ndiyo inayokosekana kuliko zote kwa sasa.